Chupa ya kloridi ya dhahabu kutoka studio ya zamani: ni dhahabu kweli, na nifanye nayo nini?

Swali: Mimi ni sonara hapa Mombasa. Nimenunua makabati na vifaa vya studio ya picha iliyofungwa, na ndani ya droo nimekuta chupa ndogo ya kahawia yenye chembe za rangi ya machungwa iliyokolea. Lebo yake inasema ni kloridi ya dhahabu, gramu 5. Mwenzangu ananishauri niimimine kwenye chungu cha kuyeyushia, nitoe gramu 5 za dhahabu. Mwingine anasema ni dawa ya baridi yabisi, yuko tayari kuinunua. Je, hii ni dhahabu kweli? Ina kazi gani, na nifanye nayo nini?

Jibu: Fundi, usiipeleke chupa hiyo kwenye moto, na usimuuzie mtu anayetaka kuinywa. Hayo mawili kwanza, mengine yafuate.

Dhahabu imo. Kama lebo inasema kweli na chupa haijachezewa, ukiitoa humo utapata dhahabu safi kuliko ya mkufu wa karati 22. Lakini si gramu 5. Kitu ambacho wauza dawa za maabara na za picha hukiita kloridi ya dhahabu mara nyingi si AuCl3 yenyewe, yaani atomu moja ya dhahabu (Au) iliyoshikana na tatu za klorini (Cl). AuCl3 kavu ni nyekundu, hunyonya unyevu wa hewa upesi sana, na asilimia 65 ya uzito wake ni dhahabu. Kinachopatikana zaidi kwenye chupa ni asidi ya kloroauriki, HAuCl4, iliyoshikana na maji yake, chembe za manjano au machungwa. Humo dhahabu ni nusu ya uzito: kila gramu 394 za chumvi hiyo zimebeba gramu 197 za dhahabu. Wapiga picha walitumia pia chumvi ya tatu, ile yenye sodiamu, iliyo ya manjano zaidi, na dhahabu yake ni kama asilimia 49.5. Kwa rangi uliyonitajia, chupa yako yaelekea ni hiyo ya katikati. Hesabu gramu 2.5 za dhahabu, pungufu kidogo kama chembe zimeshavuta unyevu na kunata.

Sasa, kuna jambo moja ambalo likikukaa kichwani, tabia zote za kloridi ya dhahabu utazielewa bila kukariri. Dhahabu haikubali kwa urahisi kuacha umetali wake. Asidi ya nitriki peke yake haiwezi kuiyeyusha, haidrokloriki peke yake haiwezi. Inayoweza ni tezabu, yaani haidrokloriki sehemu 3 na nitriki sehemu 1, kwa sababu zile asidi mbili zinagawana kazi: nitriki inapokonya atomu ya dhahabu elektroni tatu, na kabla atomu hiyo haijazirudisha, kloridi nne zinaizunguka na kuizuia kurudi. Lakini hata ikishazuiwa hivyo, dhahabu haitulii. Popote itakapokutana na kitu kilicho tayari kutoa elektroni, itazichukua na kurudi kuwa metali. Kijiko cha chuma kinatoa. Bati, shaba na zinki zinatoa. Ngozi ya mkono, karatasi, kizibo cha mti, sukari na vumbi la nyumbani vyote vinatoa, na mwanga wa jua unaharakisha kazi.

Ndiyo maana chupa yako ni ya kahawia. Ndiyo maana pia maabara huichota chumvi hii kwa kijiko cha plastiki au kioo, kamwe si cha chuma. Tone likikudondokea kidoleni, kwanza utaona umanjano hafifu tu, na usipoosha mapema, baada ya saa chache pale pale patageuka zambarau iliyoiva inayokaribia weusi. Doa hilo halitoki kwa sabuni, kwa sababu si rangi, ni chembe ndogo mno za dhahabu zilizozaliwa ndani ya tabaka la juu la ngozi. Linaondoka ngozi ile inapobanduka. Sasa itazame chupa yako kwa ndani, upande wa shingo na chini ya kizibo. Ukiona utando mweusi au wenye mng'ao wa shaba, usiusugue ukautupa. Ni dhahabu iliyokwisha kurudi.

Kuhusu moto. AuCl3 ikipashwa zaidi ya nyuzi 160 hivi huanza kuachia klorini na kugeuka AuCl, na ukizidisha joto hiyo nayo inavunjika, inabaki dhahabu tupu. Kwa hiyo mwenzako hajakosea kwamba mwisho wake ni dhahabu. Alichokisahau ni safari ya kufikia hapo. Chembe zako zina maji ndani yake, na ukizipiga moto wa ghafla maji yanachemka na kurusha chumvi nje ya chungu. Utapoteza dhahabu ukutani na kwenye nguo, na hewa ya duka itajaa klorini na mvuke wa haidrokloriki, vitu vinavyochoma mapafu na kuziozesha zana zako zote za chuma. Huku kuvunjika kwa joto kuna faida yake viwandani. Mwaka 1867 huko Sydney, Francis Bowyer Miller alionyesha kwamba ukipitisha gesi ya klorini ndani ya dhahabu iliyoyeyuka, fedha, shaba na metali nyingine hugeuka kloridi na kuelea juu au kutoka kama mvuke, huku dhahabu ikibaki chini. Kloridi ya dhahabu haiwezi kuishi kwenye joto hilo, kwa hiyo klorini inachukua uchafu na kuiacha dhahabu. Njia hiyo bado inatumika, na inatoa dhahabu ya asilimia 99.5 hivi. Anayetaka safi zaidi huipeleka kwenye umeme, kwa njia ya Emil Wohlwill ya mwaka 1874, na maji yanayobeba dhahabu kutoka sahani moja hadi nyingine ni hiyo hiyo HAuCl4 iliyo kwenye droo yako.

Kwa nini ilikuwa studio ya picha? Picha za zamani zilizochapwa kwenye karatasi yenye ute wa yai zilifanywa na chembe za fedha, na fedha, kama ujuavyo wewe kuliko mimi, huharibiwa na salfa iliyo hewani. Picha inafifia na kugeuka manjano. Basi picha ilichovywa kwenye maji yenye kloridi ya dhahabu kidogo sana. Fedha ya juu ilitoa elektroni, dhahabu ikakaa mahali pake, na wekundu wa picha ukageuka hudhurungi iliyopoa au zambarau nyeusi. Picha nyingi za karne ya 19, zama za studio kama ya A. C. Gomes kule Unguja, zilipita kwenye maji ya namna hiyo, na mchango wa dhahabu ni sehemu ya sababu baadhi yake bado zinasomeka. Wapo wapiga picha leo, Ulaya na Marekani hasa, wanaoendelea na kazi hiyo kwa mkono, nao huinunua chumvi hii kwa gramu moja moja.

Kazi ninayoipenda kuliko zote iko karibu nawe zaidi. Mchukue mtoto mwenye homa umpeleke zahanati, watamtoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya robo saa hivi mstari mwekundu unatokea. Kwenye vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule ni dhahabu. Dhahabu ikikatwa chembe za nanomita 20 hadi 40 (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita) haiwi ya manjano tena, inakuwa nyekundu kama divai, kwa sababu chembe ndogo hivyo hunyonya mwanga wa kijani. Kila chembe huvikwa kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoishika protini ya kimelea cha malaria, na chembe zikikusanyika kwenye mstari wa kipimo, jicho linaziona bila mashine yoyote. Vipimo vingi vya mimba na baadhi ya vipimo vya VVU vinafanya kazi vivyo hivyo.

Chembe hizo hutengenezwa kutokana na kloridi ya dhahabu. Njia inayofundishwa zaidi ni ya John Turkevich, ya mwaka 1951. Unachemsha maji yenye HAuCl4 kiasi cha asilimia 0.01, ya manjano hafifu sana, halafu unaongeza sitreti ya sodiamu, chumvi ya asidi ya limau inayotoa elektroni. Umanjano unapotea kwanza, maji yanakuwa meupe kana kwamba umeharibu kila kitu. Kisha yanaingia kijivu cha bluu, yanakoza, na ndani ya dakika chache yanafunguka kuwa mekundu kama juisi ya rosela. Nimewaonyesha wanafunzi jambo hili mara nyingi, na bado huwa nasimama karibu na chombo kama wao. Piga hesabu hapa, fundi: kwa nguvu hiyo ya asilimia 0.01, gramu 1 ya chumvi inatosha lita 10. Gramu zako 5 zinaweza kutengeneza lita 50 za maji mekundu ya dhahabu.

Wekundu huo ulijulikana zamani kabla ya mtu kujua sababu. Andreas Cassius aliueleza mwaka 1685: ukichanganya kloridi ya dhahabu na kloridi ya bati unapata unga wa zambarau, ambao watengeneza vioo na vyombo vya kauri wa Ulaya waliutumia kupata rangi nyekundu ya thamani. Richard Zsigmondy, aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925, ndiye aliyeonyesha kwamba unga ule ni chembe ndogo mno za dhahabu zilizoshikiliwa na oksidi ya bati. Na ule mstari wa dhahabu kwenye ukingo wa vikombe vya kahawa vya sherehe, pale ambapo ni dhahabu ya kweli, huanzia pia kwenye kloridi: dhahabu hufungwa ndani ya mafuta ya utomvu wenye salfa, hupakwa kwa brashi, na tanuri linapochoma utomvu metali inabaki juu ya kauri.

Kiwandani kuna kazi moja zaidi nisiyotaka kuipita. Plastiki ya PVC inaweza kutengenezwa kwa kuunganisha asetilini na haidrojeni kloridi, na kwa miaka mingi kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi hiyo, kilikuwa kloridi ya zebaki. Mwaka 1985 mkemia Graham Hutchings alitabiri kwamba kloridi ya dhahabu ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na majaribio yakathibitisha. Leo vichocheo vya dhahabu juu ya mkaa vinatumika viwandani. Kwa sisi tunaoijua zebaki inavyowaumiza wachimbaji wadogo wa Migori na Geita, dhahabu kuchukua nafasi ya zebaki mahali popote ni habari njema.

Turudi kwenye kabati lako, na hapa nakuomba usome polepole. Studio za zamani hazikuwa na chupa moja. Kuna uwezekano ukakuta sianidi ya potasiamu, iliyotumika kusafishia sahani za picha, na kloridi ya zebaki, iliyotumika kukoza picha hafifu. Zote ni chumvi nyeupe, na lebo zake huenda zimeliwa na mende. Asidi yoyote ikigusa sianidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Kwa hiyo, kabla hujafungua tezabu au asidi ya aina yoyote kwenye chumba hicho, toa kila chupa isiyo na jina, ifunge, iweke mbali, na umwite mtaalamu wa maabara ya chuo au ya serikali azitambue. Usimwage chochote kwenye sinki.

Kuhakikisha kama chupa yako ina dhahabu ni rahisi. Tengeneza maji ya kloridi ya bati: chembe zake kidogo kwenye maji yenye haidrokloriki, na kipande cha bati safi ndani yake ili isiharibike upesi. Iwe mbichi, maana iliyokaa wiki nyingi inadanganya. Kisha yeyusha chembe moja tu ya chumvi yako, ndogo kama punje ya mchanga, kwenye matone machache ya maji yaliyokenekwa. Weka tone kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, na pembeni yake tone la bati ligusane nalo. Kama ni dhahabu, mpaka wa matone mawili utageuka zambarau, na kama dhahabu ni nyingi, utakuwa karibu mweusi. Zambarau ya Cassius hiyo. Kipimo hiki kitakufaa hata kwenye kazi zako za kila siku: maji yoyote ya tezabu uliyosafishia dhahabu, yapime hivi kabla ya kuyaaga. Nimeona dhahabu nyingi ya masonara ikienda na maji ya manjano ambayo mwenyewe aliamini ni uchafu.

Ukiamua kuirudisha kuwa metali, haihitaji moto wa kwanza. Kwa kuwa chupa yako ni chumvi kavu, haina nitriki iliyobaki kama ile ya tezabu mbichi, na hilo linakuondolea taabu kubwa, maana nitriki iliyobaki huiyeyusha dhahabu tena kila inapoanguka. Chumvi inayeyushwa kwenye maji yaliyokenekwa yenye haidrokloriki kidogo, ndani ya chombo cha kioo, mahali pa wazi penye upepo au chini ya bomba la kuvutia hewa, ukiwa na miwani na glavu. Kisha unaongeza kidogo kidogo maji ya metabaisalfaiti ya sodiamu, ambayo hutoa salfa dayoksaidi yenye harufu ya kiberiti, au salfeti ya chuma, ambayo mimi naipendelea kwa mtu asiye na chumba cha gesi. Umanjano unafifia, maji yanachafuka, na chini panatulia unga wa kahawia kama kahawa iliyosagwa. Wengi huuona unga huo wakadhani wamepoteza mali. Ni dhahabu. Subiri hadi kipimo cha bati kikatae kugeuka zambarau, mimina maji ya juu, osha unga kwa maji ya moto mara kadhaa, ukaushe kabisa, ndipo uende nao kwenye chungu ukiwa na tinkali. Hapo ndipo manjano unayoyajua yatakapojitokeza, kwenye nyuzi 1064. Chupa yenyewe na kizibo chake vioshe pia, usiache ule utando.

Jambo moja usilifanye kwa hali yoyote: usitie amonia, wala sabuni ya vioo yenye amonia, kwenye maji ya kloridi ya dhahabu. Mashapo yanayotokea yakikauka hulipuka kwa kuguswa tu, na yameshawaumiza watu tangu zama ambazo kemia ilikuwa bado ni ufundi wa siri.

Kwamba dhahabu inaweza kukaa salama ndani ya maji na kurudi nzima, ushahidi mzuri ni wa Copenhagen. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Denmark, kwenye taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr kulikuwa na medali za Nobel za wanafizikia Max von Laue na James Franck, na kutoa dhahabu nje ya Ujerumani kulikuwa kosa kubwa. Mkemia George de Hevesy aliziyeyusha kwenye tezabu, akauweka mtungi kwenye rafu. Vita vilipokwisha mtungi ulikuwa pale pale, dhahabu ikatolewa na medali zikafuliwa upya. Franck alikabidhiwa yake mwaka 1952.

Kuhusu yule anayetaka dawa: mkatalie, na umweleze kwa upole. Ni kweli kumekuwa na dawa za dhahabu za baridi yabisi, nyingine za sindano na moja ya vidonge iitwayo auranofini. Lakini ndani yake dhahabu imefungwa na salfa, ikiwa katika hali nyingine kabisa, na hata hizo daktari huzitoa kwa kupima damu na mkojo mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuumiza figo. Kloridi ya dhahabu ni asidi kali inayochoma koo na tumbo. Marekani, kuanzia 1879, Leslie Keeley wa Dwight, Illinois, aliwauzia walevi tiba aliyoiita ya kloridi ya dhahabu na kutajirika nayo. Hakuna aliyethibitisha kwamba dhahabu ndiyo iliyomponya mtu. Mgonjwa wa viungo aende kliniki.

Mwisho, nifanye nayo nini? Ningekuwa wewe, nisingeiyeyusha. Gramu 2.5 za dhahabu ni nusu ya pete, na utaipata kwa kazi ya siku nzima na hatari zake. Chumvi yenyewe, ikiwa kavu, lebo ikisomeka na kizibo kikiwa kizima, kwa kawaida huuzwa ghali kuliko thamani ya dhahabu iliyomo, kwa sababu mnunuzi anakwepa kazi ya tezabu. Piga picha lebo, usiifungue ovyo, iweke gizani ndani ya chombo kingine cha kioo kinachofunga vizuri, kisha uwaulize idara za kemia za vyuo vikuu vya hapo Pwani na Nairobi kama wanaihitaji. Wakiitaka, wao wataipima na kukupa bei kwa gramu. Wakiikataa kwa kuwa imeshavuta maji na nusu yake imekuwa nyeusi, hapo waombe wakutolee dhahabu maabarani mwao, ukiwa umesimama pembeni, na ukachukua unga wako wa kahawia ukauyeyushe mwenyewe.